Mkaa Usio na Moshi

Mama mkwe wangu alikaa nyumbani kwangu Mkolani, Mwanza, karibu msimu mzima wa mvua bila kuniambia neno la moja kwa moja, na ni katika kipindi hicho ndipo nilipompenda. Wapo watu wanaokaa na wakwe zao huku wakiomba waondoke haraka. Mimi nilikuwa naomba mvua izidi, barabara ya kwao iharibike, abaki.

Alikuja kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Alitoka kijijini kwake, mbele ya Usagara, na gunia la mkaa, mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kidumu cha samli, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alikuwa na hasira na kila mtu. Alisimama upande wa pili wa gari mpaka nilipomaliza kushusha mizigo. Katika ukoo wao wa Kisukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mkwe haingii chumba alichomo mama huyo, hata kama nyumba ni yake na hati anayo. Mimi ni Mjita. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kiwango hicho. Nilimwamkia nikitazama tairi la gari, naye akaitikia marahaba akilitazama tairi hilo hilo.

Tulizungumza kupitia mtoto. Bibi kwa mjukuu wa kiume ni mke na mume wa utani, kwa hiyo alimwita "mume wangu", na kwa sauti ya kufika sebuleni nilikohamia, alimtuma ujumbe mtoto ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka.

"Mume wangu, mwambie baba yako maini aliyoleta jana ni ya ng'ombe aliyekufa kwa uzee."

Nami nilijibu kutoka kwenye kochi: "Mwanangu, mwambie bibi nimesikia, leo nitabadilisha bucha."

Mtoto alilala tu. Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, akituomba tumwonee huruma.

Sijapata kuona mtu anayefanya kazi kama yule mama. Kabla sijaamka uani palikuwa pameshafagiwa. Alimkanda binti yake kwa maji ya moto, akimfinya mgongo kama anayekanda unga wa maandazi, na mke wangu alilalamika kwa sauti kubwa kisha akalala usingizi mzito. Uji ulikuwa tayari, nepi zilikuwa kambani, kuku mwenye hasira alikuwa mchuzi. Na pua! Pua yake ilikuwa ya ajabu. Siku ya kwanza tu alipoingia chumba cha mzazi alitoka akiwa amemfunika mtoto kichwa.

"Mume wangu, mwambie baba yako chumba hiki kinanuka rangi. Hatulali humu."

Nilikuwa nimekipaka rangi kwa heshima yao. Watu wengi, na mimi nikiwemo, tunaipenda harufu ile. Tunaiita harufu ya nyumba mpya, tunavuta pumzi na kutabasamu. Yeye hakutabasamu. Alifungua madirisha yote, akawalaza binti yake na mjukuu sebuleni, mimi nikafukuziwa kibarazani kwenye mkeka, na chumba kikapigwa upepo mpaka pua yake iliporidhika. Nilinung'unika, lakini kimoyomoyo nilimvulia kofia.

Kuhusu madirisha hayo nina la kusema, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nina karakana ndogo Igoma ya madirisha ya aluminiamu. Mteja wa Mwanza akija, anaanza na mambo yale yale. Hataki vumbi la barabara. Hataki mbu. Hataki wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao wakati wao ukifika wanapanda juu ya maji kama wingu, upepo unawaleta, asubuhi unawafagia kibarazani kwa koleo. Hataki upepo wa ziwa wenyewe, kwa kuwa kila mzazi wa mji huu anaamini upepo huo ndio unaowapa watoto kichomi. Kwa kifupi mteja anaamini kwamba hewa mbaya iko nje, na kazi yangu ni kumzuilia isiingie. Nilikuwa nawazuilia. Mpira pande zote, silikoni kwenye kona, ukilifunga dirisha langu husikii hata mwadhini. Nyumbani kwangu nilifanya kazi hiyo kwa upendo zaidi. Juu nikaweka dari la jipsamu, hakuna mwanya wa bati. Jirani mmoja alipoingia alisema nyumba yangu iko kama ndani ya gari jipya, nikafurahi wiki nzima.

Basi harufu ya rangi ilipoisha, mvua nazo zikakaza, mama mkwe akafunga kila kitu. Mzazi hakai kwenye baridi. Hilo hakuna aliyelibishia, hata mimi. Na mzazi hupashwa joto kwa jiko la mkaa, kama mama yake alivyopashwa, na bibi yake.

Lakini msidhani aliliingiza jiko ovyo. Nilimtazama kwa pembeni kila siku na nilimheshimu kwa utaratibu wake. Aliliwasha uani, chini ya kipande cha bati. Alipepea. Alichagua kwa mkono vipande vinavyofuka moshi akavitupa. Aliacha mkaa ushike wote, uwe mwekundu ndani, upate jivu jeupe juu. Aliinama, akaleta uso karibu, akanusa. Moshi ukiwapo hata kidogo, alisubiri. Ukiisha kabisa, ndipo alilibeba jiko kwa kitambaa akalipeleka chumbani.

"Mume wangu, moshi ndio unaua vifua vya watoto," alimweleza mtoto. "Huu wetu umeiva. Hauna ubaya."

Nilitikisa kichwa nikikubali. Mjini mnasikia hivyo hivyo kwa watu waliosoma na wasiosoma: mkaa ukishakuwa mwekundu ni safi. Kuni ndizo chafu, zinatoa machozi. Mkaa ni maendeleo.

Jirani yetu wa nyumba ya juu, mama wa Kiislamu mkarimu sana, alileta udi ili chumba kinukie na hewa isafike. Nami, kwa kutaka kuonekana, nikanunua marashi ya kopo yenye picha ya maua. Mke wangu akayapuliza chumbani.

"Mume wangu, mwambie baba yako humu ndani hakuna maua. Sasa harufu hii inatoka kwa nani?"

Kopo likarudi sebuleni. Udi alikataa kwa adabu, akauweka kabatini, na jirani alipokuja alimshukuru kwa moyo wote. Kwake hewa safi ni ile isiyonuka kitu na isiyoonekana. Ukifikiri vizuri, ni kipimo kizuri kuliko cha wengi wetu tunaofikiri hewa ikinukia ndimu basi imepona.

Ndipo vichwa vikaanza kuuma.

Kwanza mke wangu. Aliamka na kichwa kizito, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Tukasema ni damu aliyopoteza. Tukasema ni usingizi wa kukatwakatwa na mtoto. Zahanati wakampima malaria, hana. Wakampa vidonge vya kuongeza damu. Kisha mtoto, aliyekuwa ananyonya kama anayedai haki yake, akaanza kunyonya kwa uvivu, anaachia titi njiani na kusinzia. Hapo mzaha ukapungua nyumbani. Kabla ya huyu tulikuwa tumepoteza mimba, na mke wangu alikuwa amenikataza tusimwite mtoto kwa jina mpaka afikishe siku zake arobaini. Kila jioni nikirudi kutoka Igoma nilisimama nje ya mlango wa chumba kile, mlango wangu mwenyewe, nikisikiliza kama analia. Kulia kwake kulikuwa ndiyo habari yangu njema.

Mama mkwe naye kichwa kilimuuma. Hakusema. Nilimwona uani ameshika paji la uso, akiegemea pipa la maji, kisha akipata nafuu na kurudi kazini. Na yeye ndiye aliyegundua jambo ambalo sisi hatukuliona.

"Mume wangu," alisema asubuhi moja ya jua, akiwa amemshika mtoto kibarazani, "ukiwa nje unanyonya kama ndama. Ukiingia ndani unachoka. Hapa kuna kitu."

Alifikiri ni baridi inayopenya mahali fulani. Akatafuta upenyo chumba kizima, akaupata chini ya mlango, akauziba kwa kitenge kilichokunjwa. Akaongeza mkaa. Nami nilimpongeza. Nilimwambia mtoto amwambie bibi asante.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya mchana, ile ya Mwanza inayotelemka juu ya mawe ya milima na kugeuza barabara kuwa mito. Umeme ukakatika Igoma, kazi ikasimama, nikarudi nyumbani mapema. Sufuria ya uji ilikuwa uani imejaa maji ya mvua. Hilo lilinishtua. Yule mama hawezi kuacha sufuria nje.

Nilisimama sebuleni, nikabisha mlango wa chumba. Kimya. Nikamwita mke wangu. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, nikaweka sikio kwenye mbao. Nikasikia sauti kama ya mtu anayeongea usingizini, basi.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Mtu asiyetoka kwenye mila hizi ataniona mjinga, lakini mkono haukushuka. Ndani alikuwamo mama wa mke wangu, labda amelala, labda amelegeza kitenge. Ukiingia kwa mkwe wako namna hiyo, huwezi tena kukaa kwenye kikao chochote cha ukoo ukainua macho. Yeye naye ndiyo kabisa. Nikaita tena. Nikaogopa sana, na bado nilikuwa naita tu.

Kitasa kikashuka chenyewe, upande wa ndani.

Mlango ulifunguka kiasi cha kichwa, ukakwama kwenye kile kitenge. Nikasukuma. Mama mkwe alikuwa chini, kwa magoti na mkono mmoja, amejikokota kutoka kwenye mkeka wake uliokuwa karibu na mlango. Mkono wa pili ulikuwa na mtoto. Kichwa chake kilikuwa wazi, kitenge kimemwachia kiunoni. Akainua uso akanitazama, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe. Chukua mtoto."

Akaniwekea mtoto mikononi. Vidole vyake vikagusa vyangu, vilikuwa vya moto. Nilibaki nimesimama.

"Ingia!" akasema. "Mke wako kitandani. Ingia, nimesema!"

Nilimkimbiza mtoto kibarazani nikamlaza kwenye kochi la nje, nikarudi nikamruka mama, nikambeba mke wangu ambaye alikuwa mzito na mlegevu, akinung'unika kama mlevi. Joto la chumba kile lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hapakuwa na moshi hata kidogo, hapakuwa na harufu, mkaa ulikuwa mwekundu na mzuri katikati ya chumba.

Niliporudi tena mama alikuwa anajaribu kusimama kwa kushika ukuta, miguu inakataa. Nikatazama nje kama kuna mwanamke yeyote wa kumwita. Mvua tupu. Akaelewa ninachotafuta.

"Nibebe," akasema. "Utafanyaje? Nibebe."

Nikambeba mama mkwe wangu. Ni mama mrefu, mifupa mikubwa ya mkulima, na alinishika shingo kama mtoto. Nikamlaza kibarazani pembeni ya binti yake, matone ya mvua yakiwarukia wote. Akatapika, akafuta mdomo, kisha jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono na kumfinya mtoto kwenye unyayo. Mtoto akalia. Akamfinya tena. Akalia zaidi, kwa hasira, kwa mapafu yake yote, nami nikakaa chini kwenye maji ya mvua nikalia pamoja naye bila haya yoyote.

Mtoto wa jirani wa juu ana bajaji, akatufikisha hospitali. Wakawekewa hewa ya mtungi. Mke wangu alipoweza kukaa, muuguzi alituuliza maswali machache tu, kuhusu jiko, kuhusu madirisha, kisha akavuta kiti karibu na mama mkwe. Nilipenda namna alivyomwongelesha, kwa sauti ya chini na kwa heshima.

"Moshi ulikuwa umekwisha," mama akasema kabla hajaulizwa. "Niliupepea mwenyewe. Nilinusa."

"Najua, mama. Lakini mkaa unatoa hewa nyingine. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuinusa hata ungekuwa na pua ya mbwa. Na inatoka hata mkaa ukiwa mwekundu vizuri. Chumba kikiwa kimefungwa, inajaa, mtu anasinzia, basi."

"Nimewapasha wazazi wengi kwangu. Hakuna aliyesinzia."

"Nyumba yako ikoje?"

Mama akafikiri. Akaeleza nyumba yake: ukuta wa udongo, mlango wa mabanzi, na pale juu ambapo bati halikukutana na ukuta, mahali njiwa wanapoingia na kutoka na kumchafulia vyungu.

"Mwanya huo wa njiwa ndio uliowasaidia," muuguzi akasema. "Hata huko si salama, mama, vifua vinaumia. Ila huku mjini hata njiwa hana pa kupita."

Nilijua anazungumza na mimi pia. Mpira pande zote, silikoni kwenye kona. Mama mkwe hakunitazama, wala hakulisema hilo, wala hajapata kulisema, ingawa angekuwa na haki. Alijifunika kitenge kichwani akageukia ukutani. Baada ya muda nikamsikia akisema peke yake, "Ningewazika wote. Kwa mikono hii hii." Binti yake akashuka kitandani, akamlalia mgongoni, wakakaa hivyo.

Nilidhani atarudi kijijini akiwa amevunjika. Sikumjua bado. Tulipofika nyumbani jiko lilipelekwa uani na halikuingia tena. Dirisha la chumba likawa wazi kiasi cha kiganja mchana na usiku, wavu ukizuia mbu na wadudu wa ziwani. Mzazi alipashwa joto kwa blanketi, kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, na kwa supu. Mtoto akanyonya. Siku zake zikatimia, jina akapewa, sitaliandika hapa. Nami Igoma nikaanza kuwaudhi wateja, kwa maana simalizi dirisha la chumba cha kulala bila kuwauliza hewa itapita wapi. Wengine wanaona nataka kuwauzia kitu cha ziada. Wengine wanajibu kwamba wana feni, kama vile feni inaleta hewa mpya badala ya kuizungusha ile ile. Nimezoea.

Ugomvi ulikuja kutoka kwa ukoo. Habari zilifika kijijini kwamba mkwe amemshika mama mkwe, amembeba, tena hana kitenge. Shemeji mkubwa wa mama mkwe, kaka wa marehemu mume wake, alipiga simu akisema jambo kama hilo haliachwi hivi hivi, litafutiwe kondoo wa kusafisha, na zaidi ya hapo, linyamaziwe. Mtu asilisimulie popote, kwa heshima ya mama mwenyewe. Mimi nilikubali mara moja. Nilikuwa tayari kutoa hata wawili na kunyamaza mpaka kaburini, kwa kuwa nilimwonea huruma. Hadhi yake yote kijijini ilikuwa ni hiyo, yeye ndiye mama anayeitwa kila nyumba anapozaliwa mtoto.

Mama alichukua kondoo wangu, akashukuru. Kunyamaza ndiko alikokataa.

Miezi michache baadaye binti wa dada yake alijifungua, pale pale Usagara, kwenye nyumba mpya ya tofali za kuchoma na madirisha ya vioo. Mama alitaka nimpeleke. Safari hii aliniambia mwenyewe, kwa sauti, ingawa bado akitazama pembeni: "Mkwe, njoo na nyundo na patasi. Nyumba yao haina mwanya wa njiwa." Tulipofika aliingia ndani kwa akina mama, mimi nikabaki nje na wanaume, ukutani chini ya upenu, maana mvua zilikuwa zimerudi. Dirisha la chumba cha mzazi lilikuwa limefungwa, lakini sauti yake haijawahi kuzuiwa na kioo.

Nilisikia jiko likisogezwa. Nikasikia kelele za akina mama: unalipeleka wapi, mbona mkaa umeiva, moshi uko wapi, mtoto atashikwa na kichomi. Mlango wa uani ukafunguka, akatoka na jiko mkononi kwa kitambaa, akaliweka kwenye mvua, likalia na kuzimika. Akarudi ndani. Kisha akaanza kusimulia.

Hakuacha kitu. Alisema alivyopepea, alivyonusa, alivyoziba mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alisema mjukuu alivyolegea. Alisema alivyotambaa. Alisema mkwe wake alimwona kichwa wazi na kiuno wazi, akambeba kama gunia la mpunga, akamlaza chini mbele ya barabara ya watu. Pembeni yangu wazee walitazama viatu vyao. Nami masikio yalikuwa yanawaka, na kifua kimejaa fahari ambayo sikujua niipeleke wapi.

Ndani, dada yake hakuweza kuvumilia tena.

"Dada, jambo hilo unalisema mbele za watu? Huoni hata aibu?"

"Naiona," mama mkwe wangu akasema. "Naiona sana. Lakini binti yangu ninaye, na mjukuu ninaye. Haya, fungueni hilo dirisha."